Somo: Saa ya dozi itangulie, kazi ifuate. Namna ya kumratibu mraibu aliyepewa adhabu mbadala

Ninaandika somo hili kwa sababu swali lilelile nimelijibu kwenye simu, kwenye korido za mahakama na hata msibani: ndugu yetu anayetumia unga, yaani heroini, amehukumiwa, mahakama imekubali atumikie adhabu yake nje ya gereza na apate tiba, je, tuanzie wapi? Kazi yangu hapa Dar es Salaam ni kuwaratibu watu hao kati ya mahakama, kliniki ya methadoni (dawa ya kunywa ya kutibu uraibu wa heroini) na mahali wanapofanya kazi za jamii. Nitaeleza utaratibu kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe, na ninaomba kila mmoja asome mpaka mwisho kabla ya kuuliza.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba kesi yenyewe inaruhusu. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inahusu kosa ambalo adhabu yake haizidi kifungo cha miaka 3, au lile ambalo adhabu yake inazidi hapo lakini mahakama imeona kwamba miaka 3 au pungufu inatosha. Mtu aliyetiwa hatiani kwa kusafirisha dawa za kulevya asipewe matumaini ya njia hii. Wengi ninaowapokea hawakushtakiwa kwa unga hata kidogo. Walishtakiwa kwa kuiba simu, sufuria au betri ya bajaji, na unga ndio uliowasukuma.

Hatua ya pili ni taarifa ya kijamii: afisa wa uangalizi afike nyumbani, aonane na familia, mjumbe na mtendaji wa mtaa, kisha aandike alichokiona.

Hatua ya tatu ni ridhaa. Mhusika aelezwe masharti kwa lugha anayoielewa, akubali mwenyewe. Usimwombe ridhaa akiwa kwenye arosto, yaani mateso ya mwili uliokosa unga, kwa maana mtu ambaye mifupa inamuuma, kamasi zinamtiririka na hajalala siku mbili atakubali lolote utakalomsomea.

Hatua ya nne ni kumfikisha kliniki. Methadoni ilianza kutolewa Muhimbili mwezi Februari 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, hivyo mkazi wa jiji hili hana sababu ya kusafiri mbali. Chagua kliniki iliyo karibu na anakolala, wala si iliyo karibu na ofisi yako. Ambatana na mtu wa asasi inayowafikia waraibu vijiweni, kwa sababu ndiye anayejua njia ya kuandikishwa na ndiye atakayeaminiwa. Mweleze daktari ni siku ngapi mhusika alikaa mahabusu. Mwili uliokaa wiki kadhaa bila unga husahau ule uzoefu wake, na kipimo ambacho zamani hakikumtikisa mtu leo kinaweza kumuua.

Hatua ya tano ni ratiba ya kazi, na hapa ndipo nilipokosea.

Nilimpokea kijana mmoja ambaye alikuwa tayari ameandikishwa kliniki na dozi yake ilikuwa imeanza kumkaa vizuri. Nilimpangia kufagia na kufyeka majani katika zahanati moja, nikaandika kwenye barua kwamba aripoti saa moja na nusu asubuhi, na barua hiyo niliiandika ofisini kabla sijauliza dirisha la dawa linafunguliwa na kufungwa saa ngapi. Kijana alikuwa mtiifu. Siku ya kwanza alikwenda kazini kwanza, akafika kliniki akakuta dirisha limefungwa. Siku ya pili ikawa vivyo hivyo. Siku ya tatu aliomba ruhusa mapema, msimamizi akamwonyesha barua yangu. Siku ya nne hakuonekana kazini wala kliniki. Alikuwa amerudi kijiweni akanunua kete ya unga. Msimamizi alimwandika mtoro, na daktari, kwa haki kabisa, alikataa kumrudisha moja kwa moja kwenye dozi yake ya zamani, ikabidi aanze chini na kupandishwa upya. Kijana alikuwa ametii kila neno nililoliandika, na nililoliandika ndilo lililomwangusha.

Baada ya hapo nilikwenda naye mwenyewe nikasimama kando ya dirisha. Mhudumu alihakiki jina na namba, akapima dawa ya maji kwenye kikombe kidogo cha plastiki, akaongeza maji, kijana akanywa, kisha akaambiwa aseme neno ili ijulikane kwamba amemeza na hakuificha mdomoni. Haikuzidi dakika moja, na dakika hiyo ndiyo inayomshikilia hadi kesho yake, kwa kuwa methadoni hutoka mwilini polepole na dozi moja hutosha kwa siku nzima.

Kwa hiyo zingatieni haya. Saa ya dozi iulizwe kwanza kliniki, iandikwe kwenye barua ya kazi, na kazi ianze baada yake, tena kwa kuhesabu foleni na daladala. Msimamizi wa kazi aambiwe saa; ugonjwa haumhusu. Akikosa dozi siku tatu mfululizo au zaidi, msimpeleke dirishani kudai kipimo kilekile, bali aonwe na daktari kwanza. Wiki mbili za mwanzo ndizo za hatari kuliko zote: dozi huanza chini, kwa kawaida isiyozidi miligramu 30, kwa sababu dawa hujikusanya mwilini siku hadi siku, na wakati huo arosto bado inamsumbua kiasi, hivyo hushawishika kuongeza unga, pombe au vidonge vya usingizi. Mchanganyiko huo huzima pumzi. Familia iambiwe waziwazi kwamba mtu anayekoroma kwa namna isiyo ya kawaida, midomo imekuwa myeusi na haamki akitikiswa, hakuna kumwacha “apumzike”. Anakimbizwa hospitali saa hiyohiyo.

Na msimpangie kazi sokoni au stendi palipo na kijiwe chake cha zamani. Nimeona barua za namna hiyo.

Hatua ya sita ni kukutana naye kila wiki, uso kwa uso.

Hatua ya saba ni kuiarifu mahakama mapema. Mambo yakianza kulegea, andika wakati mtu bado yupo mkononi mwako, ueleze na tiba imefikia wapi. Hakimu anayepata taarifa ya kwanza siku ambayo mtu ameshapotea hana cha kufanya zaidi ya kutoa hati ya kukamatwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Mbagala: Sina muda wa kusoma yote hayo. Nitumie tu barua ya mfano nijaze jina.

Jibu: Barua ya kujaza jina ndiyo iliyomrudisha kijana wangu kijiweni. Soma hatua ya tano.

Mama wa Tandale: Mwanangu anavuta bangi, amepewa kifungo cha nje. Nimpeleke methadoni?

Jibu: Hapana, mama yangu. Methadoni ni tiba ya waliozoea heroini na jamii yake. Haitibu bangi wala kokeini, na kumpa mtu asiyezoea heroini ni kumhatarisha. Mwombe afisa wake ampeleke kwa mshauri nasaha na kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya wilaya. Kama unaona dalili za unga, yaani anasinzia akiwa anazungumza na mboni za macho zimekuwa ndogo kama kichwa cha pini, waeleze pia.

Mwanachama wa Kinondoni: Mnachofanya ni kumtoa mtu kwenye unga wa mtaani na kumpa unga wa serikali. Huo si urekebishaji.

Jibu: Kaka, mtu wa unga huamka akitafuta fedha ya kete na siku yake huishia alikoibia. Mtu wa methadoni hunywa kikombe chake asubuhi, hajidungi kwa sindano ya mwenzake, na saa tatu yuko kazini anafyeka. Ukiona ni sawa, hatutaelewana, lakini usiwakatishe tamaa familia zinazosoma hapa.

Mwanafunzi wa ustawi wa jamii: Shikamoo. Nina mhusika aliyekuwa ametulia kabisa, sasa ameanza dawa za kifua kikuu na arosto imerudi ingawa hajakosa dozi hata siku moja. Msimamizi wake anasema anadanganya. Inawezekana kweli?

Jibu: Marahaba, na asante kwa kuchunguza kabla ya kuhukumu. Inawezekana sana. Katika dawa za kifua kikuu imo rifampisini, ambayo huliamsha ini livunje methadoni haraka kuliko kawaida, hivyo dozi iliyomtosha haimtoshi tena. Baadhi ya dawa za kufubaza VVU, kama efavirenzi, hufanya vivyo hivyo. Mpeleke leo kwa daktari wa methadoni akiwa na kadi yake ya kifua kikuu, dozi ipitiwe. Na tiba ya kifua kikuu ikiisha mrudishe tena, kwa sababu ini likitulia dozi ile kubwa inaweza kumzidi. Kisha mwandikie msimamizi kwamba kuna sababu ya kitabibu, bila kutaja ugonjwa.

Mwanachama wa Ilala: Nimesikia Marekani kuna mahakama maalumu za dawa za kulevya. Sisi tunakosa nini?

Jibu: Ya kwanza ilianzishwa Miami mwaka 1989. Jambo ambalo ningependa tulichukue kutoka kwao ni hakimu mmoja kumwona mhusika mara kwa mara, akimwuliza maendeleo na kumpongeza. Hapa kwetu unaweza kukaribia hilo kwa kupeleka taarifa fupi mahakamani hata pale mambo yanapokwenda vizuri.

Mwanachama wa Magomeni: Wangu ni Mwislamu na Ramadhani inakaribia. Atanywaje dozi mchana?

Jibu: Nenda kliniki kabla mwezi haujaandama, uulize mpango wao wa saa katika mfungo, na umshauri aonane na imamu wake kuhusu hukumu ya mgonjwa. Asijiamulie kuacha.

Mwanachama wa Magomeni: Nashukuru. Na masika je? Jangwani ikijaa maji barabara ya Morogoro inafungwa, na kliniki yake ni Muhimbili.

Jibu: Ndiyo maana nilisema kliniki iwe karibu na anakolala. Anza sasa kuomba ahamishiwe Mwananyamala, kabla ya mvua, maana uhamisho unahitaji barua na kuthibitisha dozi yake ya mwisho. Ikijaa kabla hajahamishwa, apige simu kliniki asubuhi hiyohiyo, nawe mpigie msimamizi wa kazi.