Kabla hujasema spika ipi kali: kupanga na kulinganisha vyombo vya muziki sebuleni

Wateja wangu wengi hapa Tanga vyombo wanavyo. Mmoja katumiwa na mdogo wake aliyeko Uingereza, mwingine kapitia Dubai, mwingine kakamata mtumba wa Japani uliotunzwa kuliko vipya vya madukani. Wananiita Raskazone, Chumbageni au huku huku Ngamiani, na swali ni lile lile: "Fundi, kati ya hizi mbili, ipi kali?" Nikiingia sebuleni nakuta spika za bei mbaya zimesukumwa ndani ya kabati la vyombo, moja imesimama, nyingine imelazwa ili ipishe televisheni. Hapo hakuna cha kulinganisha bado. Tupange kwanza.

Kabla ya kuchomeka chochote, geuza chombo usome kibandiko cha nyuma. Soketi zetu ni volti 230, hezi 50, yaani mapigo 50 kwa sekunde. Chombo cha soko la Japani kimeandikwa volti 100, cha Marekani 120, na ukikichomeka moja kwa moja umekiunguza. Nunua transfoma ya kushushia umeme, na kwa cha Japani tafuta ya 100 kweli kweli, maana inayoshusha mpaka 110 inakipa chombo volti asilimia 10 za ziada kila siku nacho kinachemka. Ukubwa wake uwe angalau mara mbili ya wati zilizoandikwa nyuma ya chombo. Deki ya santuri ina jambo lake: transfoma inashusha volti, hezi haizigusi. Deki ya zamani ambayo mota yake inafuata mapigo ya umeme, ikiwa ilitengenezewa hezi 60, hapa kwetu itapungua mwendo kwa moja ya sita, na mwimbaji wa kike atatoka na sauti ya kiume. Technics SL-1200MK2, iliyotoka mwaka 1979, haina taabu hiyo, kwa kuwa mwendo wake unaongozwa na fuwele ya kwatsi. Volti zake tu ndizo uziangalie. Halafu weka friji gadi. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, acha usubiri pale kwanza.

Chumvi ya bahari nayo ina kazi yake. Waya wa shaba ulioachwa wazi nyuma ya spika unaota kutu ya kijani, hasa nyumba za karibu na maji. Kata kipande hicho, menya upya, kaza. Ukinunua spika kuukuu, ondoa kitambaa cha mbele na uguse kwa ncha ya kidole ule ukingo unaoshika kikombe cha wufa, yaani spika kubwa ya ndani inayotoa besi. Ukiwa wa mpira, utanesa. Ukiwa wa sponji, joto na unyevunyevu wa huku huumung'unya: unabaki na unga mweusi kidoleni, na bei ya spika inabidi ishuke mpaka gharama ya kuuvalisha ukingo mpya iingie humo.

Kwenye nyaya sina maneno mengi. Waya laini wa shaba wa milimita za mraba 2.5, mita 5 kwenda na 5 kurudi, una ukinzani wa omu 0.07 hivi. Kwa spika ya omu 8 hiyo si kitu. Ukwangue kwa kisu kabla hujalipa: ndani ukiona weupe, ni alumini iliyopakwa shaba. Pesa ya nyaya za mamilioni peleka kwenye spika.

Sasa mahali. Toa spika kabatini, ziweke juu ya stendi nzito, na twita, ile spika ndogo ya ndani ya sauti za juu, iwe usawa wa sikio la aliyekaa, yaani kiasi cha sentimita 95 mpaka mita 1 kutoka sakafuni. Ziachanishe mita 2 au 2.5, na wewe ukae umbali huo huo kutoka kila spika, pembetatu ya pande sawa. Nyuma yake acha sentimita 60 mpaka 90, pembeni usipungue nusu mita. Pima kwa futi, usikadirie kwa macho. Tofauti ya kiganja kati ya kulia na kushoto inasikika. Stendi ipimie pimamaji.

Kochi ndilo lenye mabishano. Nyumba zetu makochi yanazunguka ukuta, na nyumba ni ya watu, wageni lazima wakae. Lakini kichwa kilichoegemea ukuta kinameza besi yote inayojikusanya pale. Ulivute kochi la msikilizaji mbele walau sentimita 60 wakati wa kusikiliza, halafu lirudishwe. Mama mwenye nyumba nimwombe hilo tu, mengine nitayamaliza mwenyewe.

Sababu yake ni hesabu nyepesi. Sauti kwenye joto letu inakwenda karibu mita 349 kwa sekunde. Chumba cha mita 4 kina mvumo wake wa kwanza kwenye hezi 43 hivi, cha mita 5 kwenye hezi 35. Noti zilizo karibu na hapo zinavimba ukutani na kwenye kona, na katikati ya chumba zinapotea. Ndiyo maana sabufa, spika ya besi peke yake, iliyowekwa konani inatikisa nyumba lakini hujui gitaa la besi linapiga nini. Ukiwa na sabufa, iweke kwa muda pale unapokaa wewe, piga muziki wenye besi, kisha tambaa sakafuni ukisikiliza kando ya kuta. Mahali utakapozisikia noti zote kwa usawa, hapo ndipo pa sabufa.

Piga kofi moja katikati ya sebule. Sakafu ya vigae, kuta za tofali zilizopigwa lipu, dari ya jipsamu: utasikia mlio mkali unaochezacheza kati ya kuta baada ya kofi kwisha. Huo ndio unaoufanya muziki uchome masikio, na watu wanailaumu twita. Tandika zulia nene kati ya spika na kochi. Mkeka peke yake ni mwembamba mno. Mapazia yawe mazito na upana wake mara mbili ya dirisha ili yapate mikunjo. Makochi ya kitambaa na mito yanasaidia kuliko ya ngozi. Mwaka 1895 pale Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwanafizikia Wallace Sabine alipoanza kuchunguza ukumbi wa mihadhara uliokuwa na mwangwi mbaya, alikuwa akihamisha mito ya viti kutoka ukumbi mwingine na kupima muda ambao sauti inachukua kufifia. Elimu nzima ya sauti za vyumba imeanzia kwenye mito. Trei za mayai ukutani acha: zinagusa kidogo tu sauti za juu, besi hazina habari nazo, na zinashika moto upesi.

Kabati la vyombo nalo lina sauti yake. Vikombe vya kahawa, glasi za harusi, vioo vya milango, vyote vinaitikia besi. Pakua kwenye simu programu ya kutoa toni, anza hezi 30, panda polepole mpaka 200, huku mkono wako uko juu ya kioo. Kinapotetemeka utakihisi kabla hujakisikia. Weka kipande cha kitambaa kizito chini ya vikombe, na kijipande cha mpira mlango unapogusana na fremu.

Kuhakiki mpangilio natumia muziki wa nyumbani. Santuri nyingi za taarabu ya hapa, za vikundi vya Black Star na Lucky Star, ni za enzi ya mono, yaani spika zote mbili zinatoa sauti ile ile, na mono ni hakimu mzuri sana. Sauti ya mwimbaji Bi Shakila isimame katikati kabisa, mtu mmoja mwenye mdomo mmoja, pasipokuwa na spika. Ikiegemea kushoto, angalia dirisha: pengine kulia pako wazi na kushoto kuna ukuta. Zigeuze spika kidogo kidogo kukuelekea mpaka sauti ijikusanye. Ikiwa imetawanyika chumba kizima na besi ni nyembamba, waya mmoja umegeuzwa. Chomoa nyaya kwenye ampli (kikuza sauti), chukua betri ya volti 1.5, gusisha chanya kwa chanya na hasi kwa hasi mara moja upesi, na utazame wufa: ikiruka mbele upande mmoja, na upande wa pili iruke mbele.

Sasa tunaweza kulinganisha, na hapa ndipo watu wanapodanganyika. Sikio linapenda kilicho juu. Chombo kikizidi kwa desibeli 1 tu, kipimo cha ukubwa wa sauti, utakiita kina uhai, kina besi, kiko wazi, na hutajua kwamba kilichoongezeka ni sauti peke yake. Watafiti wa sauti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikishuka, sikio linapoteza besi kwanza. Basi ukiipandisha kidogo, besi inarudi, na sifa inakwenda kwa ampli. Spika nazo, zikipewa wati zile zile, hazitoi sauti sawa. Yenye desibeli 91 dhidi ya yenye 85, tofauti hiyo ya 6 inataka wati mara nne ili ya pili iifikie ya kwanza. Dukani, kitufe cha sauti kikiwa pale pale, ya kwanza itashinda daima.

Kwa ampli mbili zinazopiga spika zile zile, tumia maltimita, kile kipimo cha umeme cha mafundi. Piga toni ya hezi 60, pima volti kwenye vishikio vya spika, ampli ya kwanza ikae mfano volti 2.00, ya pili uilete ifike 2.00 au 2.02. Hapo tofauti haifiki desibeli 0.1. Ukishafanya hivyo utaona ampli nyingi nzuri zinakaribiana mno zisipolazimishwa kupita uwezo wake. Wenye ampli za bei kubwa hawapendi kusikia hilo, ila ndivyo masikio yanavyosema.

Kwa spika, kila jozi ikae mahali pale pale. Weka alama za solotepu sakafuni. Piga pinki noizi, ule mshindo mfano wa mvua juu ya bati, simu yenye programu ya kupima desibeli ikiwa kwenye kishikizo pale kichwa kinapokaa, na usawazishe mpaka zisitofautiane zaidi ya nusu desibeli. Mkono usishike simu.

Halafu tundika kanga mbele ya spika. Kanga ya pamba, nyepesi, iliyokwisha fuliwa mara nyingi, inapitisha sauti vizuri. Kitenge kizito kinazuia za juu. Kijana mmoja wa nyumbani akae nyuma kubadilisha, apange mwenyewe ipi ianze, asiseme. Sababu ya kanga ni kwamba macho yana kura kubwa kuliko tunavyokubali. Mwaka 1994 watafiti Floyd Toole na Sean Olive, katika kampuni ya vyombo vya sauti ya Harman, waliwasikilizisha watu spika zikiwa zimefichwa, kisha zikionekana. Spika zile zile, watu wale wale, alama zikabadilika walipoziona.

Vipande viwe vifupi, sekunde 20 au 30, kwa kuwa kumbukumbu ya sauti inafifia haraka. Chagua unavyovijua kwa moyo: sauti ya mtu peke yake, fidla na kanuni (kile chombo cha nyuzi nyingi cha taarabu), gitaa la besi, na ngoma iliyorekodiwa vizuri. Andika kila unachosikia kwenye karatasi kabla kanga haijashuka, kila msikilizaji na karatasi yake, bila kunong'onezana. Uliza mambo yanayojibika: maneno ya wimbo yanasikika? Fidla inachoma? Noti za besi zinatofautika? Ile unayochoka nayo haraka, andika pia.

Kazi hii naipanga asubuhi baada ya alfajiri. Bado kuna ubaridi, feni inaweza kuzimwa, madirisha yakafungwa, na bodaboda hazijaanza kelele. Mchana wa kaskazi hakuna anayevumilia chumba kilichofungwa, na feni ikiwaka inafunika milio midogo yote uliyokuja kuisikiliza.

Ukishaamua, chora kwa kalamu ya wino mzito duara dogo chini ya kila mguu wa stendi, na vipimo vyote uviandike ndani ya mlango wa kabati: ukuta wa nyuma, ukuta wa pembeni, kati ya spika na spika, mpaka kwenye kochi. Anayepiga deki sakafuni atazisogeza, na ana haki, sakafu lazima ioshwe. Vipimo vikiwepo, yeyote nyumbani anaweza kuzirudisha bila kumwita fundi.