Bomba lisilofunguliwa: kufundisha asili ya sayansi

Wanafunzi wengi, na walimu pia, hudhani nadharia ikithibitishwa sana hupanda cheo na kuwa kanuni. Majaribio ya maabara peke yake hayaliondoi kosa hili. Asili ya sayansi, yaani jinsi sayansi inavyofanya kazi, lazima itajwe na kujadiliwa waziwazi, na bomba la mafumbo, bomba lililozibwa lenye kamba zilizofichwa ndani, ni mahali pazuri pa kuanzia.

Chukua bomba la karatasi ngumu la sentimita 30. Toboa matundu mawili yanayotazamana sentimita 3 kutoka ncha ya juu, na mawili mengine umbali huohuo kutoka ncha ya chini. Kata kamba mbili laini za sentimita 50. Kamba yenye nyuzi hukwama, na fupi haitelezi vizuri. Pitisha ya kwanza kwenye matundu ya juu. Ya pili iingize tundu la chini, ipitishe juu ya ile ya kwanza ndani ya bomba, kisha itokeze tundu la pili la chini. Funga mafundo makubwa kwenye ncha zote nne, uzibe midomo ya bomba kwa selotepu.

Darasani, vuta ncha moja moja. Kila mwanafunzi aandike safu mbili: alichokiona, na anachokisia. "Kamba zimeshikana ndani" ni kisio, na wengi wataliweka safu ya kwanza. Usiwasahihishe haraka, waulize nani ameona. Kisha vikundi vya watu watatu vichore modeli, vitabiri, na vijenge bomba lao. Modeli ya pete inayounganisha kamba itafanya kazi sawa na ya kamba zilizopitana. Hapo ndipo penye utamu: ushahidi mmoja, maelezo mawili.

Watakuomba ulifungue. Kataa. Hakuna aliyefungua kiini cha Dunia. Mwaka 1936 Inge Lehmann, mwanasayansi wa matetemeko kutoka Denmark, alikisia kuwepo kwa kiini cha ndani kutokana na mawimbi ya matetemeko.

Tenga dakika 15 za mjadala, la sivyo wataondoka na mchezo tu. Linganisha kanuni ya Boyle (1662), inayoeleza uhusiano wa kanieneo na ujazo wa gesi, na nadharia ya mwendo wa chembe, inayosema kwa nini uhusiano huo upo. Ni kazi mbili tofauti, si ngazi.

Atakayesema "basi kila kitu ni maoni", mpe modeli ambayo kamba zake hazipitani, aivute mbele ya wenzake waone isivyolingana na bomba.