Kabla hujaweka tenki la maji chumvi sebuleni: mwani na samaki wakorofi

Kila wiki kuna mtu ananiuliza dawa ya mwani kwenye tenki la maji chumvi, na mwingine ananiuliza amfanyeje yule samaki wake mmoja anayewatembezea wenzake kichapo. Ukienda kuangalia nyumbani kwao unakuta ugonjwa ni uleule, tenki dogo, samaki wengi, na mwenye nyumba alikuwa na haraka. Kwa hiyo haya naandika kwa ajili ya yule ambaye bado hajanunua, maana ukishajaza maji ni kama umejenga, kubomoa ni hasara.

Anza na maji. Sisi wa pwani tunajiona tumepata bure, bahari ipo hapo unaenda na madumu unachota, na kweli inafanya kazi ila sio popote na sio siku yoyote. Masika ikipiga maji ya ufukweni yanapungua chumvi na yanabeba uchafu wote wa mitaro, halafu karibu na mdomo wa mto ndo usiguse kabisa. Chota maji yakijaa, mbali na watu na mahoteli, chuja, yakae wiki mbili kwenye pipa lililofunikwa. Pima chumvi kwa kulinganisha uzito wa maji yako na maji matamu (specific gravity), unataka 1.025 au karibu na hapo. Yanayopungua kwenye tenki kila siku kwa joto hayo ni maji matamu tu yanayoondoka, chumvi inabaki, kwa hiyo unaongezea maji matamu, sio ya bahari! Hili wanakosea hata wakongwe. Na hayo maji matamu yawe yaliyochujwa kwa mashine, usimimine ya kisima, visima vingi vya mtaani viko jirani na vyoo na humo kuna naitreti ya kutosha kulisha mwani mwaka mzima.

Halafu kusubiri. Wiki 4 mpaka 6 tenki lina mawe, mchanga na pampu, hakuna samaki hata mmoja. Unatupia kipande cha kamba, yule wa kuliwa, kinaoza, amonia inapanda, bakteria wanazaliwa wanaigeuza kuwa naitraiti kisha naitreti. Amonia na naitraiti zikisoma sifuri ndo unafikiria samaki. Katikati hapo utaona vumbi la kahawia limefunika mchanga, usipaniki, hilo ni la tenki jipya na mara nyingi linaisha lenyewe. Nyuzi za kijani ndefu kama nywele ni kesi nyingine, na ule utando mwekundu wenye mapovu unaovulika kama ngozi ya maziwa ya moto, huo hata sio mwani, ni bakteria, unapenda sehemu ambayo maji hayatembei, elekeza pampu hapo.

Paje kule Zanzibar kina mama wanalima mwani wanauza, kwako unaota bure na hautaki, lakini kanuni ni ileile tu, jua na mbolea. Jua kwako ni taa, nunua taima ya kuchomeka ukutani kabisa, iwashe taa masaa 8 kwa siku, na tenki lisikae karibu na dirisha. Mbolea ni chakula unachomwaga. Kamba wa kwenye friza usiwatupie na yale maji yao yaliyoyeyuka, wasuuze kwanza kwenye kichujio cha chai, yale maji yana fosfeti balaa. Badilisha asilimia 10 ya maji kila wiki, weka konokono kama kumi hivi kwa lita 200. Dawa za dukani za kuua mwani soma kibandiko, zikiwa na shaba konokono wako wote wanakufa.

Sasa mtego wenyewe. Mtu anaona mwani, anaambiwa samaki anayeitwa kangaja anakula mwani, anakimbia kununua kangaja. Kweli anakula, siku nzima anadonoa mawe. Ila kangaja anataka tenki la lita 300 kwenda juu, ana kisu pale kwenye shina la mkia, na ukishakuwa naye ukamletea kangaja mwingine utaona vita. Juu ya hapo anakula sana na anakunya sana, kwa hiyo ule mwani umeulipia kwa kuongeza mbolea. Tafi naye ni hivyohivyo, anakua haraka kuliko unavyodhani. Kikande ndo usinishawishi, mzuri wa rangi lakini konokono wote ni chakula chake.

Mi kosa langu lilikuwa domino, yule mweusi mwenye madoa matatu meupe. Nilimnunua ana ukubwa wa sarafu, bei rahisi, muuzaji kasema mpole huyu. Baada ya mwaka kawa kama kiganja cha mtoto na nikiingiza mkono kusugua kioo ananing'ata, kweli ananing'ata, unasikia tik kwenye kidole. Kuna ndugu zake wa kwenye miamba wanalima kabisa shamba la mwani, wanapalilia na kufukuza kila anayekuja kula, yaani mwani na ukorofi ndani ya samaki mmoja. Hawa jamii ya domino kama lazima uwe nao waingie wa mwisho. Wapole kwanza, wajue mashimo yao. Usichanganye wawili wenye umbo na rangi zinazofanana. Akina Nemo, wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, chukua wawili wadogo, mmoja mkubwa kidogo, mkubwa atakuwa jike na ugomvi unaisha.

Siku ya kumwingiza mgeni zima taa, lisha wenyeji washibe, hamisha mawe mawili matatu ili kila mtu apoteze mipaka yake. Na kabla ya yote nunua kikapu cha plastiki chenye matundu, kile cha kuoshea mboga, mkorofi anakaa humo ndani ya tenki wiki nzima anawaona wenzake hawagusi, wengi wakitoka wanakuwa wametulia. Domino wangu hakutulia, nikampa jamaa mwenye tenki lake tupu.

Na mfuniko. Anayefukuzwa anaruka. Niliona asubuhi moja nafagia, nyuma ya stendi kuna kitu nikadhani jani, kumbe ni samaki wangu mmoja wa njano, amekauka kama dagaa. Fremu ya mbao na kipande cha neti ya dirisha ya mbu, nusu saa umemaliza kutengeneza.