SOMO: Kuchora aikoni ya apu ya Android isiliwe kona

Wakuu salama? Juzi nilimchorea jamaa aikoni ya apu yake ya hesabu za kikoba, nikajaza daftari, kalamu, rundo la sarafu na jina zima juu, kwenye laptop inawaka balaa, kuja kuiweka kwenye simu duara limekula kona zote, jina limebaki "AFTARI LA KIKOB" na sarafu zimekuwa kama punje za ulezi. Jamaa akaniuliza hii ni chapati au? Basi nikarudia upya, hivi:

1. Kompyuta iache kwanza. Chukua karatasi ya grafu, hesabu visanduku 32 kwa 32 ujaze kwa penseli, yule mchoraji Susan Kare alianza hivyo hivyo kuchora aikoni za Macintosh, kompyuta ya Apple ya 1984. Visanduku vikiisha ujue umeweka vitu vingi. Mimi nilibaki na daftari tu na ule mstari mwekundu wa pembeni, kila aliyekaa darasani anaujua.

2. Fungua Inkscape, programu ya kuchorea, ni ya bure, kanvasi iwe pikseli 432 kwa 432. Katikati weka duara lenye upana wa pikseli 264 la kukuongoza, kila kitu cha maana kikae humo ndani. Tangu Android 8 ya 2017 aikoni ina matabaka mawili, la nyuma na la mbele, na simu ndo inaamua ikate umbo gani, hii duara, ile mraba wenye kona laini, hubishani nayo.

3. Futa lile duara, alafu sevu SVG mbili (faili za mchoro unaokuzika bila kuharibika), ya nyuma rangi tupu, ya mbele daftari. Kama kuna herufi zigeuze ziwe maumbo kwa Object to Path ya humo Inkscape la sivyo hazitokei kabisa (hapa nilipoteza usiku mzima).

4. Fungua Android Studio, programu ya kutengenezea apu, bonyeza kulia kwenye folda la res, New, Image Asset, pachika matabaka yako. Ya Play Store inatoka peke yake, PNG 512 kwa 512, isizidi KB 1024, mraba kamili, kona wanakata wenyewe.

Kabla hujaituma toka nayo juani, mpe mtu simu akwambie anaona nini. Mama muuza maandazi hapa kwetu kasema "daftari la madeni". Nikaona imekubali.

MASWALI

Mkuu sina laptop, nikichora kwa simu je?
– Chora tu, kisha mwenye kompyuta akuwekee, Image Asset inapokea na PNG, ila iwe kubwa, ukiikuza baadae inatoka ukungu.

Mteja wangu kakomaa anataka jina ndani ya aikoni.
– Jina simu inaandika yenyewe chini. Mi huwa namwekea zote mbili, yenye jina na isiyo na jina, kwenye simu yake nakaa kimya, anachagua mwenyewe.

Aikoni zingine zinafuata rangi ya wallpaper, yangu imebaki kama mgeni msibani.
– Hiyo ni kuanzia Android 13, inataka tabaka la tatu la rangi moja, umbo tupu. Ule mstari mwekundu nilioutaja hapo unapotea, kwahiyo mi nilikata uwazi mahali pake.

Unachaji bei gani?
– Njoo PM.