Kuchora ufukwe kwa rangi ya mafuta, na picha isimenyuke

Wiki mbili zilizopita dogo mmoja ninayemfundisha alikuja nyumbani na picha nne amezifunga kwenye khanga ya mama yake. Shikamoo yake sijaimaliza kuiitikia, tayari kafungua ya juu, kaweka ukucha kwenye kona ya anga, kavuta. Anga yote ikatoka kama utando wa maziwa, mawingu na vyote. Chini kukabaki weupe unaong'aa kama sahani.

"Mwalimu, mbona nimefuata kila kitu?"

Kweli alikuwa amefuata kila kitu, kasoro kitu kimoja. Kosa lake nilishalifanya mimi mwaka wangu wa pili wa kazi, kwenye oda ya picha 6 za hoteli moja ya pwani, na zote 6 nilizirudia kwa pesa yangu. Nilichomwelekeza siku ile ndicho hiki nimekiandika, kwa utaratibu ninaoutumia hapa Bagamoyo. Namna ya kuchora mti au mashua sifundishi hapa. Hiyo utaipata kwa penseli na daftari, kila siku.

Hatua ya 1: Kitambaa na fremu

Nunua merikani nzito. Ifue kwa maji ya moto itoe wanga na isinyae kabisa, ianike, ipige pasi, kisha uivute kwenye fremu kuanzia katikati ya kila upande kwenda kwenye pembe. Mbao iwe kavu. Ukingo wa ndani wa fremu mwambie fundi auchonge uwe na mteremko, usiguse kitambaa, la sivyo baada ya muda utaona mstari wa mbao umejichora mbele ya picha.

Hatua ya 2: Msingi

Hapa ndipo dogo alipopotea, na mkosaji wa kwanza ni jina. Kwa Kiswahili chetu "rangi ya mafuta" ni vitu viwili. Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi ukasema "nipe nyeupe ya mafuta", utapewa kopo la rangi ya milango na mageti. Rangi ya mafuta ya mchoraji ni ya tyubu: unga wa rangi uliosagwa ndani ya linsidi, yaani mafuta ya mbegu za kitani, basi. Dogo alisikia kwangu kwamba kitambaa hupakwa nyeupe kwanza, akanunua kopo, akapiga mikono miwili. Hesabu yake ilikuwa mafuta juu ya mafuta yataelewana.

Hayaelewani. Rangi ya kopo ikikauka inakuwa laini kama kioo, na rangi ya tyubu inataka kitu cha kung'ata. Mwezi wa kwanza inakaa vizuri tu, ndiyo maana kosa hili ni baya: linakuacha uuze kwanza.

Kuna atakayeniambia mbona wachoraji wa Tingatinga wanatumia makopo hayo hayo na picha zao zinadumu. Ni kweli. Edward Saidi Tingatinga alipoanza Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 alitumia rangi za kopo juu ya hadibodi. Lakini ile ni kopo juu ya kopo, kuanzia chini mpaka nukta ya mwisho. Sina ugomvi na kopo. Ugomvi wangu ni kulilaza chini ya tyubu.

Fanya hivi. Kwanza gundi nyeupe ya mbao, sehemu 1 kwa maji sehemu 2, paka kitambaa chote mpaka kwenye kingo, acha ikauke. Kazi yake ni kuzuia mafuta yasifike kwenye uzi, maana linsidi ikigusa pamba moja kwa moja inaila taratibu, na baada ya miaka kitambaa kinachanika kama gazeti la zamani. Vitabu vya Ulaya vitakutajia gundi ya ngozi ya sungura. Kwetu pwani achana nayo. Inanyonya unyevu wa hewa, masika inavimba, kiangazi inasinyaa, na rangi iliyo juu yake inapasuka kwa kuvutwa huku na huku.

Juu ya gundi paka jeso ya akriliki, yaani nyeupe ya msingi ya wachoraji, inayolegezwa kwa maji, mikono mitatu myembamba. Wa kwanza kwa urefu, wa pili kwa upana, wa tatu kwa urefu tena. Kati ya mkono na mkono pitisha msasa laini, kidogo tu, uondoe vinundu na vinyweleo, usiusugue mpaka ukateleza.

Kama jeso imekushinda bei, rangi ya maji ya ukutani inaweza kushika nafasi yake, nami niliitumia miaka mingi. Ila iwe ile isiyong'aa kabisa. Yenye mng'ao wa hariri inakurudisha kwenye tatizo la kopo. Na iwe ya daraja la juu. Ile ya bei ya chini kabisa ni chokaa tupu: ikikauka isugue kwa kidole chenye maji, kidole kikitoka cheupe, kapakie ukuta. Hata ile nzuri naitumia kwa picha za mazoezi na za kuuza barabarani tu. Oda ya mtu aliyelipa kishika mkono inapata jeso.

Kisha subiri. Kiangazi siku tatu, masika wiki nzima. Mkono utakwambia imekauka siku ile ile, lakini maji yaliyo ndani hayajatoka.

Kabla ya kuchora, jaribu mambo mawili. Pitisha kiganja: kikiteleza kama kwenye sahani, rudi kwenye msasa. Halafu kwenye kipande cha pembeni, ulichokipaka msingi huo huo siku hiyo hiyo (jizoeshe kubakiza kipande), paka rangi ya tyubu ukubwa wa dole gumba, kaa nayo wiki mbili, bandika selotepu, ing'oe kwa ghafla. Selotepu ikitoka na rangi, msingi haufai. Jaribio hilo lingeokoa picha zangu 6.

Mambo mengine mawili ya msingi, kisha tuendelee. La kwanza: msingi ukinyonya kupita kiasi, rangi inafifia ndani ya siku chache, weusi unakuwa wa kijivu. Dawa si kuongeza weusi. Picha ikikauka, paka linsidi kidogo sana kwenye sehemu iliyofifia, futa kwa kitambaa mpaka ubakie ubichi tu, na rangi itarudi. La pili: akriliki chini, mafuta juu, inakubalika. Mafuta chini, akriliki juu, usithubutu, hata kwa kusahihisha kidoa cha wingu.

Na dogo aliniuliza kama zile nne zinaokoleka kwa msasa mkali. Mimi nilijaribu kwa zile 6, siku mbili nikila vumbi, na bado mwaka uliofuata kingo zilianza kunyanyuka. Kata kitambaa, bakiza fremu.

Hatua ya 3: Saa ya maji, upepo na kivuli

Mchoraji wa pwani anatazama mwezi kama mvuvi. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapojaa na kupwa sana, kwetu hujaa alfajiri karibu saa kumi na kupwa kabisa karibu saa nne asubuhi. Maana yake ukifika ufukweni saa moja, maji ndiyo yanaondoka, mchanga unaachwa umelowa, na anga inaonekana chini kama juu. Hiyo ndiyo picha. Kesho yake mambo hayo hayo yatachelewa kwa dakika 50 hivi, kesho kutwa 50 tena, kwa hiyo una asubuhi tatu au nne, kisha usubiri bamvua nyingine baada ya wiki mbili. Wiki ya maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, mimi nabaki nyumbani nakata fremu.

Si utani. Claude Monet mwenyewe, yule mchoraji mkubwa wa Kifaransa, mwaka 1885 kule Étretat, Ufaransa, alikosea hesabu ya maji, wimbi likamrusha kwenye mwamba na kuondoka na vifaa vyake.

Bagamoyo inatazama mashariki. Asubuhi ukitazama baharini moja kwa moja, mashua zote ni vivuli vyeusi na macho yanauma. Kaa uangalie ufukwe kwa urefu wake, kusini au kaskazini, jua likupige ubavuni. Na turubali lako, namaanisha picha, liwe kivulini. Ukichora picha ikiwa juani utaona kila kitu kinang'aa, ukifika nyumbani ni giza.

Chora vyombo kwanza. Ngalawa iliyo nangani inageuka maji yakigeuka, na iliyopweleka mchangani ina mwenyewe. Mpe nahodha salamu na umuulize anatoka saa ngapi. Niliwahi kuchora tanga nusu, mzee akaniambia, "Mwanangu, samaki hawakusubiri wewe," akaondoka nalo.

Kusi likianza, funga stendi kwa kamba kwenye ndoo ya mchanga. Mchanga ukiruka kwenye rangi mbichi usiuguse, utang'oka wenyewe picha ikikauka, au utabaki. Picha moja ya Monet ya ufukwe wa Trouville ya mwaka 1870, iliyoko London, ina chembe za mchanga ndani ya rangi mpaka leo.

Hatua ya 4: Rangi

Tyubu sita: nyeupe ya titani, bluu ya altramarini, oka ya njano, njano ya limau, sienna ya kuchomwa (kahawia nyekundu), umba (kahawia iliyokolea). Nyeupe nunua kubwa.

Kijani usinunue. Kijani cha tyubu kinapiga kelele, na mikoko haipigi kelele. Altramarini na oka, na sienna kidogo ya kukituliza, hicho ndicho kijani cha mkoko. Weusi pia usinunue: altramarini na sienna zinakupa giza lenye uhai zaidi.

Na bahari ya hapa si ya buluu. Vijana wanachora maji ya Nungwi, Zanzibar, wakiwa wamekaa Bagamoyo. Mto Ruvu unamwaga tope kaskazini mwa mji, maji yetu yana kahawia na kijivu, na buluu inaanza mbali, mstari mwembamba. Mtalii anaweza kutaka ile ya kadi. Mchoree ukitaka, lakini ujue umefanya nini.

Hatua ya 5: Tabaka

Anza na umba iliyolegezwa kwa tapentaini, nyembamba kama chai, uweke giza na mwanga. Umba inakauka haraka, siku moja au mbili. Tabaka la pili rangi kama ilivyotoka kwenye tyubu. La mwisho ndilo liongezwe matone ya linsidi. Kila tabaka liwe na mafuta kuliko la chini yake, kwa sababu mafuta hayakauki kama nguo kwenye kamba: yanavuta hewa na kugeuka polepole, na tabaka la chini lenye mafuta mengi litaendelea kujinyoosha wakati la juu limeshakaza. Nyufa zinatoka hapo.

Usilegeze rangi kwa mafuta ya taa. Najua ni rahisi, najua yapo dukani kwa Mangi mkabala na nyumba. Yanaacha ulaini ndani ya rangi, na picha inakaa inanata wiki kwa wiki. Kwa kuosha brashi, sawa, ukimaliza kwa sabuni ya mche na maji.

Vitambaa ulivyofutia linsidi usivifinyange ukavitupa kona. Vinapata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka moto bila kiberiti. Vitandaze nje au uviloweke kwenye kopo la maji.

Hatua ya 6: Kukausha na kukabidhi

Tundika mahali penye hewa na mwanga, si juani, na si kabatini. Gizani linsidi inageuka njano, hasa kwenye nyeupe.

Wateja wengi wanaondoka kesho. Ukweli mwambie kabla hajatoa pesa: picha hii itaguswa baada ya wiki moja au mbili, penye rangi nene zaidi ya hapo, na vanishi inasubiri miezi sita mpaka mwaka. Mimi huwa nina picha kavu tano sita ukutani kwa ajili ya mtu wa kesho, na wa oda analipa nusu, anaacha anwani.

Ikibidi kukunja, kunja rangi ikiwa nje, si ndani. Watu wengi wanafanya kinyume wakidhani wanailinda, lakini ikiwa ndani rangi inabanwa na kujikunja, na ikikunjuliwa inapasuka. Zungushia bomba nene, la plastiki ya maji taka linafaa, weka karatasi laini isiyonata juu yake, usikaze. Rangi iliyopakwa kwa kisu, nene kama chapati, haikunjwi kabisa. Hiyo inasafiri na fremu yake.

Dogo amekata vitambaa vyake vinne jana. Fremu ziko barazani kwangu, merikani iko kwenye kamba, na bamvua ni Alhamisi ijayo, kwa hiyo safari hii ataikosa.