Pua ya inzi si pua yako: kuchagua chambo cha inzi wa matunda

Msimu uliopita mkulima mmoja wa matikiti aliniita shambani kwake akiwa amekasirika. "Bwana shamba, hiki chambo ni feki," akaniambia, akinionyesha chupa ya maji aliyoitoboa matundu ubavuni na kuining'iniza. Ndani mlikuwa na inzi wanne tu. Matikiti yake machanga yalishajipinda, kila pale yalipodungwa pana tone la utomvu lililoganda. Nikainusa chupa. Chambo kilikuwa kizima, kinanukia kikali kama karafuu. Tatizo ni kwamba kilikuwa chambo cha maembe. Tulipokiondoa na kuweka Cue-lure, chambo cha inzi wa matikiti, siku chache baadaye inzi walikuwa wamelundikana ndani ya chupa.

Jambo hili nalikuta mara nyingi, na linaniuma kwa sababu mkulima ameshatoa hela yake. Inzi hanusi kama sisi. Vipapasio vyake vina vinyweleo vidogo mno vyenye vitundu, na ndani yake mna vipokezi vya harufu. Kila kipokezi kina umbo lake, na molekuli ya harufu inabidi ikae humo kama mpini unavyokaa kwenye tundu la jembe. Mpini wa shoka ni mti uleule, lakini kwenye jembe utacheza.

Tazama karafuu. Mafuta yake kwa sehemu kubwa ni yujenoli. Chambo cha inzi wa maembe kinaitwa methili yujenoli, kwenye pakiti mara nyingi huandikwa ME. Molekuli hizi mbili ni kama pacha: zote zina duara la kaboni sita na mkia mfupi upande mmoja, na upande wa pili oksijeni mbili zilizokaa jirani. Tofauti ni moja tu. Kwenye ME kila oksijeni imebeba kaboni yake. Kwenye yujenoli moja haina. Puani kwako zinakaribiana. Dume la inzi wa maembe, kwa kaboni hiyo moja, ataifuata ME kwa nguvu, na yujenoli ataiitikia kwa unyonge sana. Kwa hiyo usipoteze muda kuloweka karafuu za jikoni. Mrehani ni habari nyingine: baadhi ya aina zake zina ME yenyewe, na Indonesia mafuta yake hutumika kama chambo.

Trimedlure, chambo cha inzi wa Mediterania anayeshambulia kahawa na machungwa, inashangaza zaidi. Ni mchanganyiko wa molekuli zenye atomu zilezile kwa idadi ileile, ila zimepangwa tofauti, kama kiatu cha kulia na cha kushoto. Mpangilio mmoja humvuta inzi kuliko mingine yote.

Kwa hiyo kabla ya kununua, jua inzi wako. Maembe na mapera yakiharibiwa na inzi wa Asia, aliyeonekana Kenya na Tanzania mara ya kwanza mwaka 2003, weka ME. Huyu ndiye mmoja wa waliofanya Kenya isimamishe kupeleka maembe Umoja wa Ulaya mwaka 2014, hadi 2021. Matikiti, matango na maboga yana inzi wake, naye anataka Cue-lure. Embe hilohilo lina pia inzi wa asili ya Afrika asiyeijali ME kabisa, kwa hiyo mtego mtupu haumaanishi shamba ni salama. Pasua matunda machache uangalie funza.

Tundika mtego kivulini, ndani ya majani lakini yasiuguse, kimo cha mtu hivi. Paka grisi kwenye waya, maana sisimizi watabeba inzi waliokufa na wewe utadhani hakuna kitu. Vaa glavu. Tone moja likidondokea nje ya chupa, inzi watatua hapo nje.

Sasa lile ambalo wauzaji wengi hawalisemi: vyambo hivi vyote huvuta madume. Anayetoboa tunda ni jike, na dume mmoja aliyebaki anatosha majike wengi. Jike anahitaji protini ili mayai yake yakomae, hivyo mvute kwa chambo cha chachu kilichochanganywa na kiuatilifu kilichosajiliwa. Nyunyiza sehemu ndogo tu ya majani kwa kila mti, asubuhi, bila kugusa matunda.

Na okota matunda yaliyoanguka, angalau mara mbili kwa wiki. Funza hutoka humo na kujichimbia udongoni, sentimita chache tu chini, akageuke inzi. Yafukie kina cha nusu mita au zaidi, au yafunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki usio na tundu na uuache juani mpaka funza wafe. Ukiyatupa kwenye lundo la mboji pembeni mwa shamba, unawafuga mwenyewe.