Kuchagua tiba ya osteoporosisi kwa mzee mwenye maradhi mengine

Mgonjwa wa osteoporosisi, yaani udhaifu wa mifupa unaoifanya ivunjike hata kwa anguko dogo, ni nadra kuwa mgonjwa wa mifupa peke yake. Mama wa miaka 70 anayeshuka kwenye bajaji pale Muhimbili akiwa na majibu ya kipimo cha mifupa mara nyingi ana kadi ya kliniki ya presha au ya kisukari, na pengine vidonge vya tumbo alivyojinunulia duka la dawa. Kwa hiyo swali la dawa ipi ina nguvu zaidi lisubiri kwanza.

Siku ya kumwona daktari, tieni katika mfuko mmoja kila anachokimeza mzee, mitishamba ikiwemo, kwa sababu zipo dawa ambazo zenyewe hudhoofisha mifupa. Prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe na pumu, inayotumiwa kwa miezi 3 au zaidi inajulikana sana kwa hilo. Omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, ikitumiwa miaka mingi nayo inahusishwa na kuvunjika kwa mifupa, na tenofoviri disoproksili, iliyomo katika vidonge vya ARV (dawa za VVU) vinavyotumiwa na wengi nchini, hupunguza madini ya mifupa. Mgonjwa asiache hata moja kwa uamuzi wake, kwani kukatisha prednisoloni ghafla ni hatari kubwa. Aulizwe daktari kama ipo inayoweza kupunguzwa au kubadilishwa.

Katika majibu ya kipimo, alama ya T (inayolinganisha mifupa ya mgonjwa na ya kijana mwenye afya) ya -2.5 au chini ya hapo ndiyo huitwa osteoporosisi. Hata hivyo, mwenye kisukari cha aina ya pili anaweza kuvunjika kabla alama haijafika huko, na aliyekwisha kuvunjika nyonga kwa kuteleza tu bafuni anahitaji tiba hata kama tarakimu zake zinaonekana nzuri.

Kwa maoni yangu, kipimo cha figo kitangulie mazungumzo yote ya dawa. Alendronati na asidi ya zoledroni, dawa mbili za kuimarisha mifupa, hutolewa mwilini na figo, na kiwango cha figo kuchuja damu kikishuka chini ya mililita 35 kwa dakika kwa kawaida hazitumiki. Figo zikiwa salama, alendronati ya miligramu 70 mara moja kwa wiki ndiyo mahali pa kawaida pa kuanzia, ila ina masharti: humezwa asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa glasi ya maji matupu (si chai ya maziwa wala maji ya dafu), kisha mgonjwa akae wima na bila kula kwa muda usiopungua dakika 30. Asiyeweza kukaa wima muda huo, au mwenye tatizo la umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni), haimfai, na mwenye vidonda vya tumbo amweleze daktari mapema. Mwezi wa Ramadhani mfungaji apange na daktari saa ya kuimeza, asiiruke kimyakimya. Kwa wanaoshindwa na vidonge, asidi ya zoledroni huingizwa kwa dripu mara moja kwa mwaka.

Denosumabu, sindano ya kila miezi 6, haitegemei figo kuitoa, ingawa kwa mwenye figo zilizochoka sana kalsiamu katika damu inaweza kushuka vibaya. Hapa napenda msomaji atulie kidogo. Sindano hii ikicheleweshwa au ikiachwa bila dawa nyingine ya kuipokea, mifupa hupungua upesi na pingili za mgongo zinaweza kuvunjika kadhaa kwa mpigo. Mzee anayekwenda kijijini Desemba na kurudi Dar es Salaam akijisikia ni vigumu kumshauri aianze. Kabla ya sindano ya kwanza, ulizeni kama itapatikana mfululizo na kama bima inailipia.

Aliyewahi kuganda damu mguuni au kupata kiharusi aepushwe na raloksifeni, dawa nyingine ya mifupa, na kwa kawaida vidonge vya homoni za kike pia. Romosozumabu, sindano nyingine ya mifupa, haitolewi kwa aliyepata shambulio la moyo au kiharusi ndani ya mwaka mmoja uliopita. Na kama kuna jino la kung'olewa, ling'olewe na kidonda kipone kabla ya kuanza zoledroni au denosumabu, kwa kuwa dawa hizi, japo kwa nadra, huweza kuharibu mfupa wa taya.

Kalsiamu nayo si ya kumeza ovyo. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa na mtindi vihesabiwe kwanza. Vidonge vya kalsiamu visimezwe pamoja na alendronati; anayetumia dolutegraviri, dawa nyingine ya VVU, avimeze pamoja nayo wakati wa chakula, au ameze dolutegraviri saa 2 kabla ya kalsiamu au saa 6 baada yake.

Mwombeni pia daktari apime presha mzee akiwa amesimama, kwani dawa za presha zikizidi humtia kizunguzungu, na mfupa huvunjika siku ya kuanguka. Tarehe ya kuanza tiba iandikwe kwenye kadi: baada ya miaka 5 ya alendronati au 3 ya zoledroni, ulizeni kama ipumzishwe. Kwa denosumabu swali hilo la kupumzisha halipo.